Mikono Isiyo na Mwenyewe

Benchi lenyewe ni mlango. Mlango wa mbao uliong'olewa kwenye nyumba iliyobomolewa, ukalazwa juu ya matofali kati ya duka la kinyozi na steshenari, na kitasa chake kipo mpaka leo. Sheria ya kijiwe inasema anayekaa upande wa kitasa ndiye mwenye zamu ya kusema, ingawa hakuna aliyewahi kuifuata, hata yule aliyeitunga. Siku hiyo, saa tisa na dakika kumi alasiri, mawingu yakiwa yametanda na wapita njia wakitembea huku wakitazama juu, upande wa kitasa alikaa Spoki, fundi miavuli. Mtu mwenye mvua inayokuja na miavuli mitatu mibovu miguuni angekuwa anafanya kazi. Spoki alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili, anaitazama tu. Shangazi, mwuza kahawa wa hapo, alimmiminia kikombe, kikapoa bila kuguswa, na kwa kuwa hilo halijawahi kutokea, kila mtu akajua mambo si mambo.

— Nani kafa? — aliuliza Bando, kinyozi, akitoka dukani na kitana sikioni. Jina la Bando alilipata kwa kuwa hakosi bando la intaneti, hata siku anazokosa nyembe.

— Mimi, — alisema Spoki.

— Pole. Mazishi saa ngapi?

— Saa kumi.

Mwalimu Methali, ambaye hajawahi kufundisha popote bali alikuwa karani wa mahakama hadi alipostaafu, alivua miwani.

— Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone.

— Hiyo haiingii hapo, Mwalimu, — alisema Shangazi.

— Itaingia. Tumpe nafasi aeleze.

Spoki akawasomea ujumbe, polepole, kama mtu anayesoma majibu ya hospitali. "Mtumiaji mpendwa. Video yako ya kutengeneza mwavuli kwa spoki ya baiskeli inafanana na video ya mtumiaji mwingine. Thibitisha kabla ya saa kumi leo kuwa kazi ni yako. Usipothibitisha, video itaondolewa."

— Inafanana na ya nani? — aliuliza Shangazi.

— Na yangu.

— Yako na yako?

— Yangu na yangu. Wanasema nimejiibia.

Ikabidi Bando aeleze, maana ndiye aliyerekodi. Miezi minne nyuma, siku ya mvua asiyokuwa na kichwa cha kunyoa, alimrekodi Spoki akichukua spoki kuukuu ya baiskeli na kuiunga kwenye ubavu wa mwavuli uliovunjika, mpaka mwavuli ukafunguka kama umetoka dukani. Wakaiweka mtandaoni bure, watu wafaidike. Ikasambaa kuliko umbea. Kisha ukurasa mmoja mkubwa, unaojiita Ujanja wa Nyumbani, ukaichukua, ukakata uso wa Spoki, ukafuta sauti yake, ukaweka kinanda. Ikabaki mikono. Na kwa kuwa ukurasa ule una wafuasi kama nchi nzima, mtambo umeamua kwamba mkubwa ndiye mwenye mali, na mdogo ndiye mwizi.

— Nikiitazama mikono yangu mle, — alisema Spoki, — naona kama ya maiti. Inafanya kazi, lakini haina mwenyewe.

— Na wewe faida yako ilikuwa nini tangu mwanzo? — aliuliza Shangazi. — Maana mimi kwa macho yangu nimeona wateja wako wakipungua.

Bando akatazama viatu. Methali akafuta miwani ambayo ilikuwa safi.

— Tuseme ukweli, — alisema Methali hatimaye. — Wangu nilitengeneza mwenyewe. Kwa video.

— Hata mimi, — alisema Bando.

— Mimi miwili, — alisema Shangazi. — Nisamehe, kaka yangu.

Mtaa mzima ulikuwa umejifunza. Baiskeli zilizoegeshwa usiku zilikuwa zinaamka zina pengo kwenye magurudumu, na fundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara, ambaye mwaka jana alitaka kufunga, sasa alikuwa amenunua friji.

— Sikuifanya kwa ajili ya wateja, — alisema Spoki.

Alichokuwa amenyamazia kilikuwa kitu kidogo. Spoki ana binti mmoja, yuko mbali, anafanya kazi kwenye jengo refu katika mji ambao watu wake huvaa makoti mwaka mzima. Si msemaji, kama baba yake. Simu zao ni shikamoo baba, marahaba mwanangu, hujambo, sijambo, haya. Lakini chini ya ile video, katikati ya maelfu ya maneno ya watu asiowajua, binti aliandika: "Huyo ni baba yangu." Basi. Kila asubuhi, kabla ya kufungua boksi la vifaa, Spoki huyatafuta maneno hayo manne na kuyasoma. Video ikiondoka, yanaondoka nayo.

— Huu sasa ndio ubepari, — alitangaza Methali, akisogea kuelekea kwenye kitasa. — Sikilizeni. Bepari wa zamani alikuwa na kiwanda. Kina lango, kina mlinzi, kina kengele. Ukitoka unajua umetoka. Huyu wa sasa kiwanda chake kimo mfukoni mwako. Simu umenunua wewe, umeme wako, bando lako, mwavuli wako, mikono yako. Yeye kaleta nini? Kaleta kitufe. Na usipobonyeza siku mbili anakuandikia kwamba amekukumbuka.

— Lakini Mwalimu, ni bure! — alisema Bando. — Nani mwingine angekupa jukwaa bure?

— Hata chambo samaki anapewa bure.

— Hiyo ndiyo imeingia, — alisema Shangazi, akamwongezea kahawa.

Kusifiwa kwa Mwalimu kulimuudhi Bando. Alikuwa mtu wa kushea. Kwake kuona kitu kizuri na kukinyamazia ilikuwa uchoyo.

— Basi mimi niwaambie kitu ambacho Mwalimu hajui. Hawataki video zetu hawa. Wanataka vichwa. Mwezi jana niliposti picha ya mteja nimemnyoa, kisogo tu, hata sikio halionekani. Kesho yake analetewa tangazo la dawa ya upara. Yeye! Hakunipa hata jina lake halisi. Walimjuaje kwa kisogo?

— Akili ni nywele, — alisema Methali kwa huzuni.

— Ndiyo! Hapo ndipo wanapoanzia.

— Na miavuli je? — aliuliza Shangazi. Alikuwa ameacha kumimina. — Nikitaka kutazama video ya Spoki, kwanza natazama tangazo la miavuli mipya. Lazima. Sekunde tano haliruki. Sasa mtu anafundisha watu kutengeneza mwavuli wa zamani, na mwenye jukwaa anauza mpya mlangoni?

— Na siku wakikuonyesha tangazo, — alisema Methali, sauti ikishuka, — mvua inanyesha.

Wote wakatazama juu.

— Usiniambie, Mwalimu.

— Sisemi kitu. Nasema tu kwamba anayejua lini utanunua mwavuli lazima ajue lini utalowa. Na anayejua sana, mwishowe anaamua.

— Wanatengeneza mvua? — Bando alikaa chini.

— Mimi ni karani. Naandika yanayoonekana.

Shangazi, ambaye ndiye mwenye akili timamu pale kwa kawaida, aligundua ghafla kwamba simu zote nne zilikuwa wazi juu ya benchi zikisikiliza. Akamwaga sukari kwenye karatasi, akazikusanya simu, akazitia kwenye kopo la sukari na kufunga kifuniko. Wakaendelea kuongea kwa kunong'ona. Saa ya ukutani kwa kinyozi ilionyesha saa tisa na nusu.

— Dawa ni mgomo, — alinong'ona Methali. — Siku moja tu. Dunia nzima isishee kitu. Hakuna picha ya mtoto, hakuna sala ya asubuhi, hakuna video ya mbuzi. Watakaa na mitambo yao mitupu mpaka waje hapa kutubembeleza.

— Naam! — alisema Bando. — Na watu watajuaje kuwa kuna mgomo?

Wakafikiri. Kisha Bando akafungua kopo la sukari.

Aliandika tangazo la mgomo kwa dakika nne, na lilikuwa tamu, hakuna atakayemnyima hilo. "Wenzangu, kesho tufunge midomo ya simu zetu. Sisi ndio shamba, sisi ndio jembe, na mavuno hatuyaoni." Akalirusha kwenye makundi kumi na moja. Shangazi akafuta sukari kwenye skrini yake, akasoma, akatokwa na machozi kidogo.

Haikupita dakika sita simu ya Methali ikalia. Kundi la wastaafu. Alisoma, akamkabidhi Bando. Lilikuwa tangazo lile lile, neno kwa neno, limewekwa juu ya picha ya maua mekundu, na chini yake palikuwa na jina la mtu mwingine, mwandishi na mshauri wa maisha.

— Mwizi! — alifoka Bando, kitana kikaanguka. — Hii ni yangu! Jembe niliandika mimi! Mimi!

— Si ulitaka lisambae? — aliuliza Shangazi.

— Lisambae na jina langu!

— Mchuma janga hula na wa kwao, — alisema Methali, akimpa pole.

Spoki alicheka. Hakutaka kucheka, mambo yake yalikuwa mabaya, lakini kumwona Bando akipiga kelele dhidi ya maua mekundu kulimtoa uzito kidogo. Kisha akaitazama saa. Saa kumi kasoro ishirini.

— Jamani, — alisema. — Fomu.

Ndipo wakakumbuka kwamba kulikuwa na fomu.

Methali akaichukua simu kwa heshima zote za mahakama na kuanza kuandika "Mimi mlalamikaji niliyetajwa hapo juu," mpaka wakaona kwamba nafasi ni maneno hamsini tu na matano tayari yamekwenda kwa kumtaja Spoki hapo juu. Wakafuta. Swali lilikuwa moja: "Eleza jambo linaloonyesha kuwa wewe ndiye uliyebuni kazi hii." Wakaanza kubishana. Bando alitaka kupeleka picha ya boksi la vifaa. Shangazi alijitolea kula kiapo. Methali aliuliza kama kuna mhuri.

— Ngojeni, — alisema Bando. — Si kuna ile ya kugonga!

Kabla ya kuingiza spoki kwenye ubavu, Spoki huigonga juu ya boksi lake mara tatu, ko, ko, ko, halafu ndipo anaiingiza. Hakuna fundi mwingine afanyaye hivyo. Kinanda kilikuwa kimefuta sauti, lakini mikono ile isiyo na mwenyewe iligonga mara tatu mbele ya macho ya kila mtu. Na si hiyo tu. Bando akawaonyesha video za watu wa mbali waliojifunza, mzee mwenye ndevu za manjano, wasichana wawili jikoni, mwanajeshi. Kila mmoja anagonga mara tatu ndipo anaingiza.

— Dunia nzima inagonga! — alisema Bando. — Hiyo ni saini yako, kaka. Andika hiyo, uwamalize.

Spoki alihisi damu ikirudi mwilini. Akachukua simu mwenyewe, akaanza kuandika kwa kidole kimoja. "Mimi ndiye niliyebuni. Ushahidi ni kugonga mara tatu." Saa kumi kasoro nane.

— Samahani. Fundi miavuli ni nani hapa?

Alikuwa mwanamke wa makamo, amevaa sare ya wauguzi na viatu vya mpira, mkononi ameshika mwavuli uliopinda kama mguu wa panzi. Hakuna aliyemfahamu. Shangazi alimsogezea nafasi kwenye benchi kwa mazoea.

— Nilijaribu mwenyewe, — alisema. — Kwa ile video ya mikono na kinanda. Nikagonga, nikaingiza, ikavunjika zaidi. Nikaambiwa mwenye mikono yuko hapa.

— Huyu hapa! — walisema watatu kwa pamoja, kwa fahari.

— Afadhali. Basi niulize. Ile kugonga mara tatu ni ya nini?

Spoki alifungua mdomo.

— Ni... ya kuondoa kutu, — alisema Bando.

— Spoki yangu ilikuwa mpya.

— Kupima uzito wa chuma, — alisema Methali. — Chuma kina sauti.

— Na kinanda kimefuta sauti, kwa hiyo sisi tuligonga bure?

— Mwacheni ajibu mwenyewe, — alisema Shangazi.

Spoki alifikiri kwa kweli. Alikuwa amegonga kila siku kwa miaka thelathini na moja na hakuwahi kujiuliza.

— Ndivyo inavyofanywa, — alisema.

— Na nani?

Akaweka simu gotini.

— Na mzee mmoja, — alisema. — Nyuma ya ghala la nafaka. Mimi nilikuwa kuli, nabeba magunia. Yeye alikuwa na boksi lake pale ukutani.

— Alikufundisha?

— Hapana. Alikuwa mkali. Ukisogea anageuza mgongo. Nilikuwa najifanya napumzika na gunia begani, natazama juu ya bega lake. Miezi. Niliiba kwa macho. Nikaona anagonga mara tatu, nikagonga mara tatu. Kama alikuwa na sababu, aliondoka nayo.

— Namkumbuka! — alisema Shangazi. — Mwenye kofia ya sufu. Alimtengenezea mama yangu mwavuli wa bluu.

— Na mimi alinitengenezea wa ofisi, — alisema Methali. — Mzee safi kabisa yule.

— Alikuwa anaitwa nani? — aliuliza mwanamke.

Shangazi akatazama birika. Methali, aliyekuwa akiandika majina ya watu vitabuni maisha yake yote, akapekua kichwa chake na asikute kitu.

— Tulimwita Fundi, — alisema Spoki.

— Saa kumi kasoro tatu, — alisema Bando. — Bonyeza, kaka! Historia baadaye.

— Haraka haraka haina baraka, — alisema Methali.

— Mwalimu, nyamaza!

Spoki alitazama kile alichoandika. Mimi ndiye niliyebuni. Alifikiria maneno manne ya binti yake. Uongo wenyewe ulikuwa mdogo, na aliyeulizwa alikuwa mtambo. Lakini alimwona yule mzee akigeuza mgongo, na kwa mara ya kwanza akajua kwa nini aligeuza. Akafuta. Akaandika upya, Bando akihesabu dakika sikioni mwake: "Video ni yangu, mikono ni yangu. Kazi niliiiba kwa macho kwa mzee mmoja nyuma ya ghala. Yeye ndiye aliyegonga mara tatu. Sikuuliza jina lake." Akabonyeza.

Jibu lilikuja kabla hajameza mate. "Asante kwa ukweli wako. Kwa kuwa wewe si mbunifu wa kazi hii, video imeondolewa. Endelea kushea na familia yetu."

Wakasema wote kwa mpigo. Bando alimwambia amejinyonga kwa kamba yake mwenyewe, kwamba ule ukurasa haujamtaja mzee wala ghala na bado unapeta. Methali alitaka rufaa. Shangazi aliapa kwamba kopo lake la sukari halitafunguka tena kwa ajili ya simu. Mwanamke akasimama.

— Nimekuharibia, — alisema. — Ningenyamaza.

— Hapana, — alisema Spoki. Ilimuuma, na ilionekana kwamba ilimuuma. Alijipangusa macho kwa kiwiko bila kujificha. — Binti yangu alikuwa ameandika kitu kizuri mle. Nitampigia jioni, nimwombe aniambie kwa mdomo. Lete mwavuli.

Akavuta boksi lake. Mwanamke akaenda kusimama nyuma yake, kama watu wanavyosimama kwa fundi.

— Usikae huko. Hamia huku mbele, uone. Ulivunja kwa sababu uliikunja spoki kabla ya kuingiza. Unaingiza kwanza, unakunja baadaye. Kwenye video mkono wangu uliziba.

Akafanya polepole. Akamwachia aingize mwenyewe, akaikosea, akaitoa, akaingiza tena. Methali, ambaye miaka yote alikaa benchi hilo akimwona Spoki ubavu tu, aliinuka akazunguka kuja mbele, na Bando akaja naye, akasahau kurekodi. Matone ya kwanza yakaanguka kwenye vumbi. Mwanamke akafungua mwavuli wake. Ukasimama.

— Nikimfundisha mtu, nitasema nimefundishwa na nani? — aliuliza.

— Spoki! — walisema wote watatu.

— Hilo ni la kijiweni. Mimi nauliza jina lake.

Bando akamtazama Methali. Methali akamtazama Shangazi. Shangazi, aliyemmiminia kahawa kila siku ya Mungu kwa miaka kumi na tisa, akafungua mdomo na kuufunga.

Spoki aliwatazama mmoja mmoja, wala hakuwakasirikia. Akasimama, akamsogelea yule mwanamke chini ya mwavuli, akamwambia jina lake, lake na la baba yake, polepole. Kisha akasubiri alirudie.